Doti ya Baiskeli

Swali lenyewe lina maneno matatu tu: "Mbili za nini?" Huulizwa hadharani, kwa sauti ya mtu aliyekuta kreti ya soda uvunguni mwa kitanda cha mweka hazina wa msiba, na hufuatiwa na kicheko cha wale wasio na hata moja. Jibu la haraka halipo. Ukisema moja ni ya mzigo na nyingine ya safari, wanazitazama zote mbili zilivyoegemea ukuta mmoja, fremu ileile nyeusi ya inchi 24, mstari uleule wa rangi ya dhahabu, wanaona umewadanganya mchana kweupe. Aibu hiyo bado inaniwasha. Sitasema ilitokea wapi wala nani alicheka mpaka akaomba maji. Anayetonesha kidonda chake kwa mkono wake hana haki ya kulia. Nitajibu kwa hoja tupu. Nayo ni hii: mtu mwenye kazi mbili za baiskeli anahitaji baiskeli mbili, na akiwa na akili zake timamu atahakikisha zote mbili zimejengwa juu ya fremu ya aina moja, kiwanda kimoja, kipimo kimoja, hata ubovu wake wa kuzaliwa uwe uleule.

Ushahidi wa kwanza umefungwa kiunoni mwa kila mama. Kanga huuzwa kwa doti, na doti ni vipande viwili pacha: pindo lilelile, mji uleule, jina lilelile limechapwa kwa herufi kubwa ili jirani asipate shida ya kulisoma. Kipande kimoja hufungwa kiunoni, cha pili hutandwa kichwani au hubebea mtoto. Sijapata kusikia mwanamume akimsimamisha mwanamke njiani amwulize kwa nini fumbo moja kalinunua mara mbili wakati wasomaji ni walewale. Jikoni kuna sufuria mbili za namba moja, moja ya ugali na moja ya maziwa, na atakayesonga ugali kwenye ile ya maziwa atajua hajui. Wanaocheka wenyewe wana laini tatu za simu: ya kupigia, ya bando, na ya kupokelea pesa ambazo mke hana haja ya kuziona. Hawajioni wana tamaa. Kwa hiyo kumiliki vitu pacha kwa kazi tofauti ni jambo tunalolijua, tunaliishi, na tumelipa jina. Utaniambia doti ni bei ya sokoni na baiskeli ni bei ya mbuzi kadhaa. Sawa, lakini hiyo ni hoja ya mfuko, na mfuko nitaufikia. Kinachotushinda kwanza ni kukubali kwamba baiskeli ni chombo cha kazi, maana vichwani mwetu ina kazi moja tu: kumtoa mtu alipo siku asiyokuwa na nauli.

Fremu ninayoizungumzia kila msomaji ameipanda, hata kama aliipanda kwa kupenyeza mguu chini ya bomba la juu kwa sababu kiti kilikuwa usawa wa masikio yake. Umbo lake lilianza kutulia Uingereza baada ya John Kemp Starley wa Coventry kutoa baiskeli yake ya Rover mwaka 1885, yenye magurudumu yanayokaribiana kwa ukubwa na mnyororo unaozungusha lile la nyuma. Raleigh ya Nottingham na wenzake wakalikuza umbo hilo hadi likawa dude refu, jeusi, lenye magurudumu ya inchi 28, breki za vyuma badala ya waya, na uzito wa kilo 20 hivi kabla hujafunga chochote. Wahindi wa Ludhiana wakalichukua, Wachina wa Shanghai wakatuletea Phoenix, Wakenya wakalipa jina la nyoka, Black Mamba, na kule Busia mpakani ndilo lililozaa boda boda kabla pikipiki haijajichukulia jina hilo bila kuomba. Siri ya fremu hii ni uvivu wake. Shingo imelala nyuma, pembe yake nyuzi 67 hivi, uma wa mbele umechomoza, na gurudumu la mbele liko mbali na miguu kama mtoto aliyetangulizwa kuangalia kama mbwa wamefungwa. Shimo likija, uma unanesa na mpanda baiskeli anapata salamu tu. Haikimbii, haikatishi kona, haina haraka ya kukuua. Lakini yenyewe ni mifupa. Kama ni ng'ombe wa kukokota au wa maziwa, hilo unaliamua wewe kwa vitu unavyoining'iniza, na hapo ndipo kazi mbili zinapoachana njia.

Chukua gurudumu la nyuma, ambalo ndilo lenye mambo. Kwa desturi ya Waingereza waliotuletea chombo hiki, gurudumu la mbele lilifungwa spoki 32 na la nyuma 40, ishara kwamba zamani sana kuna mtu alishatambua mgongo ndio unaobeba. Wengi wetu huamini ekseli imesimama juu ya spoki za chini kama dari juu ya nguzo. Haiwezekani. Spoki ni waya wa milimita mbili hivi, na waya haujapata kuwa nguzo ya kitu, ukiukandamiza unapinda. Gurudumu husimama kwa sababu spoki zote zimevutwa kwa nguvu kuelekea katikati, kila moja ikigombana na mwenzake wa upande wa pili, na rimu iliyo kati ya magomvi hayo arobaini inapata utulivu ambao vyama vyetu vya ushirika havijawahi kuuonja. Ukipakia mzigo, spoki zilizo chini hulegea kidogo, na kule kulegea ndiko kubeba kwenyewe. Gurudumu likizunguka kila spoki hupita chini kwa zamu, inalegezwa, inavutwa tena. Tairi ya 28 kwa 1½ ina mzingo wa mita 2.2 na kitu, kwa hiyo kilomita moja ni mizunguko kama 450, na safari ya kilomita 30 na magunia mawili ya mkaa ni zaidi ya mara 13,000 ambazo kila spoki imeachiwa na kukamatwa, imeachiwa na kukamatwa, kama mtuhumiwa asiye na wakili. Ndiyo maana haikatiki siku ya mzigo. Hukatika siku ya Jumapili, pale inapopinda kuingia kwenye habu, mwenyewe amevaa suruali ya kupigwa pasi na hajabeba hata kitabu cha nyimbo. Uzito ulikopwa Jumatano; Jumapili ni siku ya kudaiwa.

Kwa sababu hiyo gurudumu la mzigo linataka spoki nene, tairi la kuta ngumu, na upepo wa kujaza mpaka kidole gumba kikatae. Ukilipanda bila mzigo linakurusha kwenye kila kokoto na kukukumbusha idadi ya pingili zako za mgongo. Gia nazo zina hesabu zake. Chukua meno 44 mbele na 18 nyuma: pedeli ikizunguka mara moja, baiskeli inasogea kama mita 5.4, na kwa mtu mtupu kwenye tambarare za Shinyanga au Ifakara hiyo ni neema. Funga meno 22 nyuma na mzunguko uleule unakupa mita 4.5 hivi. Tofauti haifiki hata mita, lakini muulize mchukuzi wa mkaa anayetoka Kisarawe kwenda Dar es Salaam, atakuambia kwamba kila goti linaijua mita hiyo kwa jina. Kiti cha mzigo kinashushwa, ili gunia likianza kuinama mguu uifikie ardhi kabla ya gunia. Kiti cha safari kinapandishwa, ili mguu unyooke na paja lisiungue kabla ya kufika. Mzigo unataka keria ya nondo iliyochomelewa, stendi ya kuzuia tembo, na vyuma viwili vya kusaidia uma wa mbele. Safari inataka keria nyepesi ya mkoba, madigadi kamili, kifuniko cha mnyororo kisichokula suruali, na taa. Kisha liko jambo la usukani: mzigo ukikaa nyuma ya ekseli, gurudumu la mbele hupungukiwa uzito, usukani unaanza kuelea mikononi, na mtu anaelekeza chombo chake kwa dua zaidi kuliko kwa mikono. Nani anataka chombo hicho siku anayomfuata mchumba?

Hapo mpinzani wangu wa kwanza husimama, mwenye spana mfukoni. Nunua moja, anasema, na kila Jumamosi jioni ivue nguo za kazi, uivishe za safari. Anayesema hivi hajawahi kuvua kitu Jumamosi jioni. Tumfuatilie mtu wake. Saa kumi anaanza na keria ya nondo, bolti nne, tatu zinafunguka na ya nne imeshaoana na nati yake kwa kutu na haitaki talaka. Saa kumi na moja amehamia kwenye friwili. Friwili imefungwa kwa hesi kwenye habu, na kila pedeli inayokanyagwa huzidi kuikaza. Maana yake mwaka mzima ameikaza kwa mapaja yake, akisimama juu ya pedeli mlimani, na sasa anataka mikono ishinde miguu. Kuna kifaa chake, chenye meno mawili ya kuingia kwenye mifuo miwili. Kiko kwa fundi, na fundi ameshafunga. Basi nyundo na tindo. Mfuo mmoja unamomonyoka, wa pili unakubali, friwili inatoka, anafunga ile ya meno machache, na hapo anagundua mnyororo sasa ni mrefu na unaning'inia kama mkufu wa bibi harusi. Avute gurudumu nyuma nusu inchi. Analivuta. Lakini breki za vyuma hazibani ubavuni mwa rimu, hubana kwa ndani, upande unaotazama habu, na raba zake zilipimwa kwa gurudumu lilipokuwa jana. Nusu inchi imezihamisha. Alegeze vyuma vya breki, avipime, avikaze. Magharibi inaadhiniwa, na bado hajagusa pedeli.

Pedeli ndiyo iliyoundwa kwa ajili ya kudhalilisha watu. Ya kulia hufunguliwa kama nati nyingine zote duniani. Ya kushoto imekatwa hesi kinyume, na wanaoamini ni ukorofi wa kiwanda hawajui kwamba hii ni moja ya akili kubwa zilizowahi kuingizwa kwenye kipande cha chuma. Shika penseli kwenye ngumi iliyolegea, kisha izungushe ncha yake iliyotokeza iwe inachora duara hewani. Penseli yenyewe itaanza kujiviringisha mkononi, na itajiviringisha kinyume cha duara unalolichora. Ekseli ya pedeli iliyo ndani ya tundu la krenki hufanya vivyo hivyo: uzito wa mguu unaisukuma ukutani, sehemu inayogusana inazunguka, na ekseli inatambaa kinyume polepole, siku baada ya siku, kwa nguvu ambazo spana haina. Hesi ya kawaida upande wa kushoto ingejifungua yenyewe na kumwacha mtu akikanyaga hewa. Ndiyo ikakatwa kinyume, ili kutambaa kule kuikaze. Nikiifikiria hesi hii huwa nasahau nimekasirika. Mtu wetu hana nafasi ya kuifikiria. Giza limeingia, anavuta spana kuelekea upande anaoujua tangu utoto, anaikaza pedeli badala ya kuilegeza, anaona haifunguki, anaingiza bomba kwenye mkia wa spana kuongeza nguvu, anamwita kijana wa jirani, wanakaza pamoja. Krenki ya chuma laini inapasua hesi zake. Sasa ni krenki mpya, na krenki inashikwa na kotapini.

Kotapini ni kipini chenye bapa upande mmoja, kinachopigwa kwa nyundo kati ya krenki na ekseli. Kulia na kushoto sharti viingie kwa kupishana. Ukiviingiza vikitazama upande mmoja, krenki hazikai mkabala. Mguu wa kulia ukiwa saa sita, wa kushoto ambao ungekuwa saa kumi na mbili uko saa kumi na moja. Baiskeli inakwenda, lakini mpanda baiskeli anachechemea akiwa ameketi, jambo ambalo si rahisi kulifanya na haliwezekani kufichwa. Jumapili asubuhi anapita mbele ya kanisa zima kwa mwendo huo, kucha zina grisi, ametimiza agizo la mpinzani wangu la kumiliki baiskeli moja. Na Jumatatu alfajiri magunia yanamsubiri, arudishe kila kitu kilivyokuwa. Jumamosi ziko 52 kwa mwaka. Kuvua na kuvika ni mara 104. Hakuna hesi iliyokatwa kiwandani ikiambiwa itafunguliwa mara 104 kwa mwaka kwa mwanga wa simu, na ukijumlisha krenki, friwili, kotapini na soda ya kijana wa jirani, mfuko niliotishiwa nao hapo juu unaona kwamba fremu ya pili ilikuwa nafuu.

Mpinzani wa pili ni msomi zaidi. Anakubali ziwe mbili, ila anauliza kwa nini zifanane: chukua dude jeusi kwa mzigo na mtumba wa Ulaya wenye gia nyingi kwa safari. Hoja nzuri, mpaka tairi lipasuke. Ule mtumba umeandikwa inchi 28 na dude jeusi limeandikwa inchi 28, na hizo ni inchi 28 mbili zisizojuana. Rimu ya 28 kwa 1½ ina kipenyo cha milimita 635 pale tairi inapokalia. Mtumba wa Ulaya una 622. Milimita 13 si kitu mpaka uwe umepiga magoti kando ya barabara ukijaribu kuzivuka kwa vijiko viwili. Inchi 26 ni ukoo mbaya zaidi: baiskeli ya milimani hukalia 559, ile ya 26 kwa 1⅜ hukalia 590, na muuzaji wa duka atakuapia kwa jina la mama yake kwamba zinaingiliana. Kotapini za Waingereza ni milimita 9.5, za wengine 9. Raleigh za Nottingham zilikatwa hesi 26 kwa inchi pale kwenye ekseli ya krenki ambapo karibu kila mtu alikata 24, na kikombe cha 24 kitaingia kwenye 26 mizunguko miwili kwa adabu kabisa kabla ya kula chuma. Kwa hiyo baiskeli mbili za aina tofauti ni stoo mbili, mafundi wawili na makopo mawili ya nati, ambapo pacha hutoka kopo moja. Spoki ya hii ni ya ile. Breki ya ile ikikatika usiku, hii inaazima mpaka asubuhi.

Tena uko mwili, ambao hakuna anayeuuliza. Mikono hujifunza umbali wa usukani bila kumshirikisha mwenyewe. Mguu hujua pedeli iko wapi kama ulimi unavyoyajua meno. Kubadilisha tabia ya chombo kila baada ya siku moja ni kuishi na mkono unaotafuta breki mahali ilipokuwa jana, na kutafuta breki ni kazi mbaya ikifanywa kwenye mteremko. Fremu zikiwa moja, mwili haujui kama umehama. Waendesha baiskeli wa mbio wanalijua hili vizuri kuliko sisi. Septemba 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalifanyika Kigali, mara ya kwanza Afrika, na nyuma ya waendeshaji yalifuata magari yenye safu za baiskeli darini, za akiba, zimepimwa kwa mwili wa mwenyewe sawa na ile aliyoikalia. Nyingine, za umbo tofauti kabisa, zilikuwa za siku ya mbio za kushindana na saa. Tulishangilia kando ya barabara na kwenye luninga, na sikusikia hata mmoja akimwuliza mwendeshaji Tadej Pogačar mbili ni za nini. Najua zake hanunui. Lakini swali halikuwa nani kalipa. Lilikuwa zina maana gani, na maana yake haibadiliki kwa kubadilika mwenye risiti.

Na hapa naona swali lenyewe lilikuwa na kitu kingine ndani yake. Mwenye gari dogo na pikapu ya kampuni ileile huitwa mtu wa mipango. Mwenye pikipiki mbili ni mwekezaji. Mwenye baiskeli mbili amechanganyikiwa, kwa sababu tumeshaamua baiskeli ni hatua ya kupita, kitu anachokuwa nacho mtu kabla hajafanikiwa, na kuwa nacho mara mbili ni kurudia darasa kwa hiari. Uamuzi huo umejengwa mpaka kwenye zege. Ofisi inapaka rangi mistari ya kuegesha magari, inaweka paa la kivuli, kisha mlinzi anamwelekeza mwenye baiskeli nyuma, karibu na jalala. Barabara inawekwa lami mpya, na pembeni lami inakatika ghafla kimo cha kiganja, na hapo ndipo basi linapompigia honi mtu mwenye magunia mawili ashuke ajiue polepole. Duka linauza fremu yenye rangi ileile na mstari uleule wa dhahabu, bomba lake jembamba kuliko la mwaka juzi, na kotapini laini kama ugali wa jana uliopashwa moto, kwa bei iliyopanda, kwa sababu mnunuzi wa baiskeli anadhaniwa hana pa kulalamikia. Naye kweli hana. Mkaa anaoubeba unapika vyakula vya mji mzima, hata vya yule mlinzi, hata vya aliyeidhinisha lami ikatike pale, na mji ukishashiba unamwuliza, kwa meno ya nje, mbili za nini.

Pingamizi zilizobaki ni nyepesi. Pikipiki: hunywa mafuta hata ikiwa na huzuni. Wezi: mwenye mbili ataibiwa moja, mwenye moja ataibiwa yote. Nafasi ndani: zinalala uchumba, usukani wa hii kwenye kiti cha ile, na hazilalamiki joto. Mke: hilo halijibiwi kwa maandishi.

Limebaki lile linalotolewa kwa kejeli mwishoni, kwamba mtu wa namna hii kesho atataka ya tatu. Ningependa ieleweke kwamba ya tatu haihesabiki. Haina magurudumu, haina usukani, imetundikwa darini kwa kamba ya mpira, nayo kazi yake ni kutoa: imeshatoa uma wa mbele, imetoa kikombe kimoja cha krenki, na gololi zake ziko kwenye kopo la kahawa. Hiyo ni spea. Na kama kuna aliyechungulia uani akaona nyeusi nyingine imefunikwa turubai, yenye mstari wa dhahabu na lebo ambayo haijabanduliwa, hiyo ni ya shemeji.